Doti 11 Kuzunguka Nyumba

Nyumba yetu inazungukwa na doti 11 za kanga, ukizitandika pembe kwa pembe bila kuzivuta. Hesabu hiyo sikupewa na fundi. Niliipata Mei mwaka jana, Jumamosi ya masika, nilipotoka njiapanda ya Msata kwenye meza yangu ya nguo, nikakuta mtaji wangu umelala chini, umeizunguka nyumba kama uzio, na mama mkwe wangu anatembea juu yake pekupeku, polepole, kichwa juu kama bibi harusi.

Yote yaliletwa na karatasi moja.

Jumanne ya wiki ile binti yangu wa darasa la sita alirudi na kazi ya historia. Achague mtawala mmoja wa kale wa Afrika Mashariki. Aandike jina lake, mwaka alioanza kutawala, njia aliyoupatia utawala na mambo aliyoyafanya, kisha atengeneze kielelezo kinachobebeka. Kuwasilisha ni Jumatatu. Alinisomea nikichambua mchele, na kabla sijafika katikati ya ungo nyumba nzima ilikuwa imeshaingia kazini.

Baba yao alikuwa safarini na lori, amelala Segera. Alipopigiwa simu hakuwaza mara mbili: Bwana Heri wa Saadani. Njia ya Saadani inachepukia Mandera, hapo juu yetu tu, na Bwana Heri aliwapiga vita Wajerumani mwaka 1889 watu wengi wakiwa wameshachoka. Mimi nilikubaliana naye. Mtoto akiandika juu ya mtu wa jirani, hata akikosea atasahihishwa na majirani.

"Mwalimu kasema wa kale, Baba," binti yangu akamjibu. "Kabla ya Wareno."

Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505, kwa hiyo Bwana Heri akatoka. Kaka wa binti yangu, aliye kidato cha pili, akaja na mtu wake mkubwa: Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, mwenye jumba la Husuni Kubwa, ambaye Ibn Battuta alimtembelea mwaka 1331 akamsifu kwa ukarimu. Fakiri mmoja kutoka Yemeni alimwomba nguo alizovaa, sultani akaingia ndani, akabadili, akamtolea zile zile. Habari hiyo ilinigusa moyo, mimi mwenye kuishi kwa nguo. Lakini binti yangu alikuwa ameshachagua, na aliyemchagulia ni panya.

Kuna simulizi la zamani sana juu ya mwanzo wa masultani wa Kilwa. Mfalme mmoja wa Shiraz aliota panya mwenye mdomo wa chuma anautafuna ukuta wa mji. Akajua mji wake hautasimama. Akawachukua wanawe sita, wakapanda majahazi saba, na kila jahazi likatia nanga mahali pake: moja Mombasa, moja Pemba, moja Nzwani kule Komoro. Lililofika Kilwa lilikuwa la Ali bin al-Hasan. Binti yangu alichora panya yule kwenye jalada la daftari kabla hajaandika hata jina la mtawala, na mdomo akaupaka penseli mpaka ukang'aa.

Alikuwa ameipata habari hii kwa mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, mzee aliyefundisha historia miaka mingi na mpaka leo anaandika kila anachosoma kwenye madaftari makubwa. Alimwazima moja. Usiku wa Jumatano umeme ulikatika, tukakaa barazani na taa ya simu, mtoto anasoma, bibi yake anapukuchua mahindi, mimi nashona pindo la dera la mteja.

Habari za Ali, lilisema daftari, zimetufikia kwa mikono mitatu. Kuna kitabu cha Kiarabu kilichoandikwa mwanzoni mwa karne ya 16, ambacho nakala yake iko London. Kuna Mreno João de Barros, aliyechapisha alizokusanya yeye mwaka 1552. Na kuna simulizi la Kiswahili, walilolitunza watu wa Kilwa Kisiwani wenyewe. Zote zinasema Ali alikuta kisiwa kina mwenyewe. Zote zina nguo ndani yake. Kitabu cha Kiarabu kinasema mwenye kisiwa aliomba nguo za rangi za kutosha kukizunguka chote, akapewa, akahamia bara.

Simulizi la Kiswahili lina mengi zaidi, na hilo ndilo lililoshika baraza letu. Mwenye kisiwa anaitwa Mrimba. Ali alipofika alikwenda kwake na zawadi, wakapatana, akamwoa binti yake. Siku zikapita. Ndipo Ali akamtuma mkewe kwa baba yake na maneno haya: si vizuri mtu na mkwewe kukaa mahali pamoja, afadhali yeye mzee ahamie bara. Mrimba akakubali, kwa sharti la kutandikiwa nguo.

Mikono ya mama mkwe ilisimama juu ya gunzi. "Rudia hapo."

Mtoto akarudia.

"Kisiwa kilikuwa cha nani?"

"Cha Mrimba, Bibi."

"Na aliyehama?"

"Mrimba."

Akarudi kwenye mahindi yake, punje zikaendelea kudondoka ndani ya beseni. Mimi nilikuwa nimeinamia sindano. Sikuinua uso, na nimejilaumu kwa hilo kuliko kwa lolote lililofuata.

Lazima niseme jambo la kiwanja chetu. Ni cha mama mkwe. Yeye na marehemu mumewe ndio waliokifyeka, zamani ambapo barabara ya kwenda Bagamoyo ilikuwa vumbi na madimbwi, kabla ya kilomita 64 za lami. Walisimamisha nyumba ya fito na udongo, wakalea watoto watano. Tulipooana, mimi na mwanawe tulikuja na matofali na saruji. Nyumba ya fito ilivunjwa ili jiko lipate nafasi, naye akahamia chumba kidogo cha uani, kinachotazama mgongo wa jiko. Hakulalamika. Na mwezi ule, kwenye simu, nilikuwa nimemwambia mume wangu mara mbili au tatu kwamba tumjengee mama kijumba Mandera kwenye shamba la ukoo wao, alipo mdogo wake. Nilisema atapata hewa na wenzake wa kuzungumza nao. Nilisema pia, na hili nalo nilisema, kwamba chumba cha uani kingenifaa kuwekea mzigo. Ukuta wa jiko letu ni mwembamba.

Ijumaa jioni mtoto alinijia na swali ambalo lilinifurahisha kupita kiasi. "Mama, kisiwa cha Kilwa kinazungukwa na doti ngapi?"

Hapo nilikuwa nyumbani kweli. Daftari la mwalimu lilisema mzunguko wa Kilwa Kisiwani ni kama kilomita 23. Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu, na doti ni kanga mbili, basi doti ambayo haijakatwa ni kama mita 3. Tukagawa kwa peni nyuma ya risiti: doti 7,667. Ukipenda kipimo cha wazee, ambacho jora lake ni yadi 30, ni majora karibu 840. Mimi siku ya mzigo mzuri meza yangu ina doti 40. Nikizitandika zote kuanzia mezani kwangu sipiti mita 120.

Nilimweleza na mengine ambayo mwalimu hakuyaandika. Kwamba kanga hizi za pindo, mji na jina zimezaliwa karne ya 19, Ali hakuziona. Lakini pamba aliijua, kwa sababu wachimbaji wa mambo ya kale wameokota Kilwa vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, na hivyo ni vya kusokotea uzi. Nikamwambia nguo ilikuwa fedha. Mtu aliyeshusha nguo pwani alikuwa ameshusha chumvi, pembe na ruhusa ya kukaa. Kisha nikasema, kwa uhakika wa mtu anayekula kwa futikamba, kwamba hakuna binadamu aliyewahi kukizungusha nguo kisiwa kizima, yale ni maneno ya kuonyesha wingi tu.

"Tujaribu kidogo?"

"Jaribuni," nikasema. Kichwani mwangu niliona uzi na karatasi.

Jumamosi niliondoka alfajiri. Chini ya kitanda niliacha kiroba cha doti 18 kilichoingia Alhamisi kutoka Kariakoo. Ulikuwa mzigo wa mali kauli: unachukua leo kwa neno lako, unauza, unapeleka fedha mwisho wa mwezi. Neno langu ndiyo dhamana yangu ya pekee pale sokoni, na limenichukua miaka sita kulijenga.

Kumbe watoto hawakutaka uzi. Walikubaliana kwamba nyumba ndiyo Kisiwani na uwanja ni bahari. Kaka mtu alikumbuka kwamba maji yakipwa watu waliweza kuvuka kwa miguu toka bara hadi Kilwa, na kwamba Ali aliogopa Mrimba asije akarudi na jeshi. Kitabu cha Kiarabu kinasema Ali aliuchimba mkondo ule usivukike tena. Simulizi la Kiswahili linasema walichinja sadaka na kusoma Kurani mpaka bahari ikakataa kupwa kama zamani. Kijana akafuata Kiarabu kwa sababu jembe lilikuwepo. Alichimba mfereji nyuma ya jiko, wa goti kwenda chini, na udongo wote akautupa upande wa nje.

Dada yake akafungua kiroba. Walianzia pembe ya mlango wa mbele, pindo kwa pindo, jina likitazama nje ili lisomeke. Doti 11 zikaisha walipoanzia. Ilibaki kazi ya Mrimba, na bibi yao, aliyekuwa amekaa barazani akiwatazama tangu asubuhi, akavua kandambili.

Ndivyo nilivyowakuta. Nilikuwa nimefunga meza mapema kwa sababu mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Kiwangwa, na mvua ikitoka upande wa bahari haina subira. Niliona kwanza rangi. Nikatambua mzigo wangu. Nikaona kuku wawili wamesimama juu ya kanga ya bluu. Mdomo ulishafunguka kuwafokea watoto, ndipo mama mkwe akatokea kwenye pembe ya jiko, anatembea.

Ukilelewa nilivyolelewa, humfokei mama mkwe wako, wala humfokei mtoto aliyeshikana naye mkono. Nilibaki na mfuko wangu begani. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakusimama. "Ngoja nimalize. Huyu mzee hakukatisha njiani."

Alimaliza. Alizunguka upande wote wa mashariki, akapita chini ya dirisha la chumba chetu, akafika mlangoni. Kisha akainama na kuanza kuzikunja kanga moja moja kwenye mkono wake, kwa kuwa katika simulizi nguo zile zilikuwa haki ya Mrimba, alikwenda nazo. Alikuwa amekunja mbili matone ya kwanza yalipoanguka, makubwa, ya kuhesabika. Akaniangalia usoni.

"Nguo nimetandikiwa," akasema. "Mandera nakwenda lini?"

Sikupata jibu. Mvua ndiyo iliyojibu, ikashuka yote kwa mara moja. Tukaanza kukimbia, kila mtu anavuta kanga upande wake, udongo wetu mwekundu umeshakuwa uji. Watoto walivuta ncha mbili za kanga moja, ikachanika kati, mji wake ukagawanyika. Kutoka nyuma kijana alipiga kelele. Maji ya paa yalikuwa yameujaza mfereji wake, na kwa kuwa udongo aliutupa upande wa nje, upande uliobaki wazi ulikuwa wa jiko. Bahari ya Kilwa iliingia jikoni kwetu. Nilikuta sufuria zinaelea, mkaa umesombwa mpaka uvunguni mwa meza, na kiroba cha unga cha kilo kumi kimesimama ndani ya maji. Mama mkwe aliingia na jembe, akatoboa tuta upande wa nje kwa mapigo matano, maji yakageuka. Amekaa na mvua za mahali hapa zaidi ya miaka 40, anajua yanakotaka kwenda. Mimi nilikuwa nateka kwa kikombe.

Jioni tulifua. Mwenye kuuza kanga atanielewa: kanga mpya ina wanga, inasimama, inalia ukiikunja. Ikishaingia majini wanga unatoka, rangi ya kwanza inachuja, na hapo haiwi mpya tena hata uipige pasi namna gani. Doti 11. Maji ya beseni yalikuwa mekundu kwa rangi na kwa udongo, sikuweza kutofautisha. Binti yangu alifua akilia kimya. Sikumpiga wala sikumtukana. Kila nilipotaka kusema neno nilisikia lile swali la Mandera.

Mume wangu alipopiga simu usiku nilimweleza mambo ya nguo na ya jiko. La Mandera nilishindwa. Nikaweka simu chini, nikaenda uani na kikombe cha chai ya tangawizi, nikabisha.

Alikuwa amekaa kitandani, miguu ameitia kwenye beseni la maji ya moto. Nilikaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia ni kweli, nilisema maneno yale, na niliyasema nikiwaza nafasi ya mzigo kuliko nilivyomwaza yeye. Nikamwomba radhi. Nilitaka kuongeza sababu nikaona ni afadhali ninyamaze.

Alikunywa chai mpaka nusu. Hakunijibu mimi, alimjibu Ali.

"Yule Mrimba hakuuza," akasema. "Watu wanasoma nguo, wanaona bei. Nguo zile ni adabu ya mkwe kwa baba mkwe. Mtu hauzi alipozika vitovu vya watoto wake. Mwambie mtoto asome mbele."

Alisoma mbele, kesho yake asubuhi, Jumapili, tukiwa tumeanika kanga kwenye kila kamba na kila kichaka. Na kweli mbele kulikuwa na jambo. Binti wa Mrimba alizaa mtoto wa kiume. Mtoto yule alipokua akavuka kwenda bara kumwona babu yake, na babu ndiye aliyemkabidhi utawala wa nchi. Mama mkwe ni Mkwere, na Wakwere ukoo wao huufuata kwa mama. Kwake hapakuwa na fumbo lolote. Kisiwa kilipita kwa yule binti. Ali alikuwa mwenyeji kwa mke, na mwanawe alikuwa mwenyeji kwa mama.

Mwalimu mstaafu alipita baada ya kanisa kuulizia daftari lake, akakuta nyumba imevaa kanga, akakaribishwa kiti. Mama mkwe alimwuliza kama anavyosema yeye ndivyo, au ni maneno ya mzee tu. Mwalimu alivua miwani. Alisema wachimbaji waliofanya kazi Kilwa miaka ya 1960 chini ya Neville Chittick walifukua chini ya kuta za mawe na kukuta makazi ya udongo na fito ya karne ya 9 na kuendelea, watu wanaovua, wanaofua chuma, wanaofinyanga vyungu. Walikuwepo kabla ya jahazi lolote la kwenye simulizi. Kisha akasema jambo ambalo lilimfanya mama mkwe aache kupepeta. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani yetu, Kilwa ikiwamo. Wengi wa waliozikwa katika miji ile walikuwa na asili mbili: upande wa akina mama karibu wote ni Waafrika, na upande wa akina baba wengi walitoka ng'ambo, hasa Uajemi. Kuchanganyika kwenyewe kulianza kama mwaka 1000.

"Basi wameliona," mama mkwe akasema, akaendelea kupepeta.

Nilisimama pale na vibanio mkononi. Kwa miaka nimesikia ubishi wa pwani hii, nani mgeni nani mwenyeji, Washirazi ni kina nani, mawe yalijengwa na nani, na mara zote mjadala unaanzia kwenye jahazi. Watu wanalisimamia jahazi, wanahesabu waliomo, wanataja walikotoka. Ufukweni alikuwepo msichana mwenye baba yake, mwenye kisima chake na njia yake ya kwenda kisimani. Yeye ndiye aliyebeba ujumbe wa kumhamisha baba yake mwenyewe. Katika simulizi tulilosoma hana jina, ni binti wa Mrimba tu. Nilitamani sana nijue alisimama wapi siku nguo zilipotandikwa, na kama alitazama.

Karatasi ya shule ilikuwa bado. Swali la mwaka lilitutesa mchana kutwa, kwa kuwa limeachiwa nafasi ndogo ya tarakimu nne tu. Ukiwafuata waandishi wa simulizi unaingia karne ya 10 au mpakani mwa 11. Chittick, kwa alivyosoma tabaka za udongo, aliwasogeza masultani hawa mpaka mwisho wa karne ya 12. Wataalamu waliokuja baadaye wakazichunguza tena sarafu ndogo zenye jina la Ali bin al-Hasan, zilizookotwa Kilwa, Mafia, Pemba na Unguja, wakamrudisha karne ya 11. Sarafu zenyewe zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yenye vina na jina hilo. Kijana wangu alizipenda kuliko yote, kwa sababu sarafu za Kilwa zilisafiri: mwaka 1944 ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

"Niandike upi?" mtoto aliuliza, kidogo alie tena.

Mwalimu alimwambia aandike majibu yote matatu na aseme kila moja limetoka wapi. Herufi zilitoka nje ya nafasi, zikazunguka ukingo wa karatasi mpaka nyuma. Kwenye swali la tatu, aliupataje utawala, aliandika kwanza nguo. Akalitazama neno lile. Akaongeza ndoa, akaongeza adabu, kisha akaandika kwa mwandiko mdogo kabisa kwamba mjukuu wa Mrimba ndiye aliyerithi, kwa mama yake. Sikumsaidia hata herufi moja.

Kielelezo kilikuwa karai. Ndani yake alifinyanga kisiwa kwa udongo ule ule wa mfereji, akapachika vijiti na nyasi vikawa nyumba za Mrimba, na vijiwe vyeupe upande wa pili vikawa msikiti. Kaka yake alitaka matumbawe ya kweli kwa sababu aliwahi kupelekwa na darasa lake Kaole, karibu na Bagamoyo mjini, akayashika kwa mkono mawe ya misikiti miwili na makaburi ya kale. Hapakuwa na nauli wala muda. Ile kanga iliyochanika nilimkatia mwenyewe utepe mwembamba, upana wa kidole, tukauzungusha kisiwani mara moja. Ulitosha. Ulitoka upande wa pindo.

Jumatatu karai lilikuwa zito kwa mtoto mmoja. Mama mkwe alijitanda kanga ya bluu, ile ya kuku, iliyofuliwa na kupigwa pasi ya mkaa, akashika upande mmoja, mjukuu wake akashika wa pili, wakavuka barabara kuu pamoja. Alama sitazitaja. Mtoto alirudi anatabasamu, akasema mwalimu wake alisoma karatasi mbele na nyuma, na kwamba alimwuliza Bibi maswali kuliko yeye.

Doti sita niliziuza kwa wenzangu wa kikoba kwa bei ya nguo iliyofuliwa, nikamweleza kila mmoja ukweli wake. Deni la Kariakoo nilimalizia kwa fedha ya sikukuu. Mwenye mali alinisubiri wiki mbili zaidi, akaniambia neno langu bado ni zima, na nilipokata simu nilikaa kwanza nipumue.

Lakini kabla ya hayo, Jumatano ya wiki ile ile ya karai, lori lilipaki mbele ya nyumba. Mume wangu alikuwa amepakia saruji mifuko 12 toka Tanga, sehemu ya ule mpango wetu, akaniuliza kama ashushe hapa au ipitilize moja kwa moja na mwenye pikapu mpaka Mandera. Nilikuwa nimeshamweleza usiku wa Jumapili, yote, pamoja na la nafasi ya mzigo. Aliuliza tu ili mama yake asikie.

"Shusha hapa," nikasema.

Mfereji wa nyuma ya jiko ulikuwa haujafukiwa. Mama mkwe alitoka chumbani kwake, akausimamia, akatazama ukuta wa jiko, akatazama mwembe wa mumewe, akaanza kupiga hatua kuelekea pale ilipokuwa nyumba ya fito. Alihesabu kwa sauti. Kwenye pembe akachomeka kijiti, akageuka.

"Msingi usipite hapa," alimwambia mwanawe. Kisha akamtazama mjukuu. "Chumba cha upana huu kinakula doti ngapi?"

Binti yangu alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea uvunguni mwa kitanda changu.

"Zile zilizofuliwa!" nikampigia kelele.